Kikaratasi Chini ya Picha

Tarehe 2 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimempakata Kibibi, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima ujue ni mkono wake, si wangu. Hatujambo. Jino la nne limetoka, na kwa hilo jino wiki mbili hatujalala. Bado anatembea ameweka mikono nyuma kama ajuza anayekagua shamba lake, jina limemganda na halitoki tena. Baba yake yuko kule wanakojenga barabara, atarudi mwezi wa tano. Mgongo wako je? Nilikuambia ukae na mto unaposhona. Najua hukai nao.

Nikupe habari ya kazini. Pale ninapofagia ni nyumba mbili ndani ya ua mmoja: mbele makumbusho ya picha, nyuma shule ya kufundisha vijana kupiga na kusafisha picha. Mwezi uliopita yaliletwa masanduku kumi na moja ya yule mzee wa studio wa kule kwetu, mwenye pazia lenye mlima na ziwa. Amefariki, wanawe wakayatoa. Yana filamu tupu, zile ambazo mtu mweusi anaonekana mweupe kama unga na gauni jeupe linakuwa jeusi. Wanafunzi wanazisafisha moja moja na kubandika ukutani picha zinazotoka, kwa sababu tarehe mosi Machi ni Siku ya Milango Wazi. Yeyote anaingia bure, anaangalia, na akimtambua mtu anaandika chini yake. Mzee hakuacha majina, aliacha namba.

Shangazi, Alhamisi nilikuwa nafuta vioo. Nikafika namba 412, nikakuona. Kijana, mwembamba, umesimama wima kama askari wa zamu. Mbele yako mama amekaa kitini, mimi nimesimama kati ya magoti yake, na pembeni baba. Nililia mpaka mwalimu wa chumba cha giza, yule mama anayefundisha kusafisha picha, akadhani nimekatwa na kioo. Nina miaka ishirini na minne na sijawahi kushika picha ya mama hata moja. Wewe uliniambia zote ziliungua.

Anayetambua watu anapewa nakala. Basi nikajaza kikaratasi, nafasi zote, hakuna niliyoruka: jina, uhusiano, yuko wapi sasa. Kwa mama: marehemu. Kwa baba: marehemu. Kwako nimeandika mji wako, chumba cha washonaji wa sare, nyuma ya tangi la maji. Kwangu nimeandika: nipo hapa hapa, nafagia. Walicheka wote. Mwalimu amesema mwandiko wangu ndio utakuwa mfano kwa wageni.

Ungekuwa na simu ningekuonyesha leo leo, lakini wewe na simu ni paka na maji. Nakala ikitoka nitakutumia.

Mwanao,
Mama Kibibi


Tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, ndio unaonibeba. Kibibi mpe kitambaa safi ulichokilowesha maji baridi akitafune. Tuna sketi mia mbili za shule za kumaliza, na cherehani moja imekufa.

Kikaratasi hicho kitoe. Ukimaliza kusoma mstari huu mwachie mtu mtoto, nenda kakitoe. Wakikukatalia, kichane, wakuchukie. Na picha ukiweza igeuze uso itazame ukuta.

Usiniulize sababu. Ukianza kutafuta sababu utachelewa. Ulipokuwa na miaka mitano nilikuambia, "Vaa viatu, usiulize," ukavaa. Vaa viatu sasa.

Nakala usinitumie.

Shangazi yako


Tarehe 5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kibibi mzima, anakula. Mimi sijui nikuambie niko vipi.

Barua yako ilifika Jumatatu. Milango ilifunguliwa Jumamosi.

Nimempigia fundi mkuu wako mara nne, simu yake imezimwa. Kwa hiyo naandika haraka, na wewe soma taratibu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Watu walijaa mpaka ngazini. Wanafunzi walikuwa wanaingiza watoto chumba cha giza kuona picha inavyojitokeza ndani ya maji, watoto wanatoka wanapiga kelele kama wameona jini. Mama mmoja alimkuta mumewe ukutani, kijana, kamshika mwanamke kiuno. Akaandika chini: "Wa kushoto ni mume wangu. Wa kulia atanitajia mwenyewe leo jioni." Tulicheka, Shangazi. Nakuambia ili ujue kwamba nilikuwa nacheka.

Saa nane mchana nilikuta mzee mmoja amesimama mbele ya namba 412. Kofia mkononi, viatu vinang'aa. Alikuwa anasoma kikaratasi kwa kidole, neno kwa neno. Nilikuwa na ufagio na vazi la kazi, akanigeukia.

"Binti, karatasi hii ina kosa."

"Kosa gani, mzee wangu?"

"Hapa wameandika marehemu." Akacheka kidogo, kwa chini. "Na mimi ni mzima."

Nikamtazama yeye, nikatazama ukuta, nikamtazama tena. Sikio la kushoto lile lile, lenye mkato. Akatoa kalamu mfukoni, akachora mstari juu ya neno marehemu, mstari umenyooka kama wa rula. Pembeni akaandika: Nipo.

"Aliyeandika haya ni nani?" akauliza.

Mwanafunzi mmoja wa kike, roho yake nzuri, mdomo wake mwepesi, akadakia: "Si huyu hapa!"

Watu wakapiga makofi. Mkuu wa makumbusho akaja mbio, akaita wenzake, akasema hii ndiyo maana ya siku yenyewe. Yule mzee alilia. Alinikumbatia, ananukia sabuni. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi, ufagio ulikuwa bado ninao. Akaomba amwone mjukuu. Kibibi alikuwa uani na mlinzi. Akamnyanyua juu, akamshusha, akamnyanyua, na mimi nikajikuta nimenyoosha mikono kumpokea kabla akili haijajua lolote.

Alipokuwa anaondoka alirudi ukutani akatoa simu. Nilidhani anapiga picha ya mama. Hakuipiga. Alipiga kile kikaratasi.

Sasa nimekitoa, nimekichana. Lakini kipo kwenye simu yake, Shangazi. Jina lako, mji wako, tangi la maji, vyote, kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Hama hapo. Halafu niambie. Miaka kumi na tisa umeniambia baba amekufa. Kwa nini ulimzika mtu mzima?

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako na ya kwanza nimeirudia pia. Usijilaumu kwa mwandiko. Mimi ndiye niliyekufundisha usiache nafasi wazi kwenye fomu.

Siwezi kuhama, kazi iko hapa. Nimehamisha godoro tu, nalala chumba cha nyuma kwenye marobota ya vitambaa. Fundi mkuu nimemwambia nyumba inavuja. Kaniuliza, "Inavuja na mvua hakuna?" Nikamwambia ni mabomba. Mungu anisamehe, na mabomba pia.

Nisikilize. Asimbebe mtoto. Usikae naye chumba kilichofungwa mlango. Usimwonyeshe unapoishi, na ukitoka kazini badilisha njia. Ukimwona anapiga pasi nguo zake mwenyewe, au anafuta viatu vyake kimya kimya, toka. Usisubiri aseme kitu. Akiwa anapiga kelele ni nafuu.

Yule ni kaka yangu, tumbo moja. Nilikula kwenye sahani yake nikiwa mdogo. Alinifundisha kusoma. Usidhani ni rahisi kwangu kuandika hivi.

Mama yako aliteleza. Ndivyo nilivyosema, na ndivyo ilivyoandikwa.

Kibibi mbusu. Kitambaa nilichofungia barua hii ni cha gauni lake, chekundu, hakichuji.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa kitambaa. Kibibi amekipenda, analala nacho, gauni litasubiri. Nina mafua na usingizi wa madeni, lakini nasimama.

Umeandika "ndivyo nilivyosema." Nimesoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Mtu anayesimulia jambo lililotokea hasemi hivyo.

Baba amekuja kazini mara tano. Hajawahi kukohoa kwa nguvu, achilia mbali kugomba. Analeta biskuti kwa wanafunzi, anashika ngazi wanapopandisha fremu, anamwita mkuu "mwalimu wangu." Wote wanampenda. Wananiambia nina bahati. Nikisema nina kazi siwezi kukaa naye, wananinyang'anya ufagio. Juzi aliniwekea sawa kola ya vazi langu mbele yao, akasema, "Mtu nadhifu ndiye anayeheshimiwa." Vidole vilibaki shingoni kidogo tu. Ningemwambia nani, na ningesema nini? Kwamba baba yangu alinirekebishia kola?

Nyumbani nazunguka kwa njia ya sokoni kama ulivyosema, na mtoto mgongoni. Jana nimegeuka mara mbili nikaona kofia. Kofia ziko nyingi, najua.

Kuna jingine. Mwalimu wa chumba cha giza aliikuza ile picha iwe kubwa, ya kuweka mlangoni. Ilipotoka majini aliniita. Nyuma yangu, mahali nilipomfunika mama, mkono wake wa kushoto unaonekana kidogo. Una bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu akasema, "Huyu mzee wa studio alijua kazi. Kamsimamisha mtoto ili afiche." Ile kubwa hajaiweka mlangoni.

Sasa sikiliza. Siku ya milango wazi ilivyopendeza, wameamua kuirudia Jumamosi tarehe 26. Safari hii wale walioonekana kwenye picha za zamani watakaa tena vilevile, pazia la mlima na ziwa limechorwa upya, na wapigwe tena. Baba ameshatuandikisha. Yeye, mimi, Kibibi. Amesema kwenye kiti cha mama nikae mimi, na Kibibi asimame kati ya magoti yangu.

Nakupenda, wewe ndiye mama niliyempata. Lakini hili sitalibeba bila kujua ni nini. Nijibu kabla ya tarehe 26. Usiniambie ulisema nini. Niambie uliona nini. Usiponijibu nitakaa kwenye kile kiti, kwa sababu sina neno la kuwaambia watu wale nikikataa.

Mwanao


Tarehe 19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hakuna barua kutoka kwako. Kibibi ana homa kidogo, imeshuka.

Leo baba alikuja baada ya siku nane za kutoonekana. Alikaa kwenye benchi la uani akala chungwa, anamenya ganda lote pamoja bila kulikata. Akasema, bila mimi kuuliza: "Shangazi yako amezeeka. Mgongo umemwisha."

Kisha akafuta vidole kimoja kimoja.

U mzima? Andika neno moja tu. Niandikie "nipo" nitaridhika. Hapana, neno hilo usiliandike. Andika lolote jingine.

Mwanao


Tarehe 16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huenda barua hii ikapishana na yako njiani, isome hivyo hivyo. Ni mzima. Kibibi nambusu, na wewe kunywa maji ya moto, usijifanye chuma.

Alikuja Jumatatu. Nilikuwa napima kiuno cha mtoto wa shule, futi iko mkononi. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akawaamkia wote vizuri. Cherehani zote saba zikanyamaza, maana walidhani ni mteja mkubwa. Akaketi kwenye benchi la wateja. Akashika shati lililokwisha kushonwa, akalitazama mishono, akasema, "Mdogo wangu, mkono wako ni ule ule. Na mdomo je? Bado umeshonwa?"

Mbele ya watu. Wakacheka, wakadhani ni utani wa ndugu.

Nikamjibu, "Kaka, uzi nao huoza."

Aliondoka akitabasamu. Nilimaliza kumpima yule mtoto, sentimita hamsini na nane, nikaandika.

Umeniuliza niliona nini. Niliona shati lake jeupe limeungua na pasi, alama ndogo kama ukucha. Alikuwa anaenda kazini. Hakupiga kelele. Alimsukuma mama yako mara moja tu, jikoni, kichwa kikafikia ukingo wa karo. Ule mkono uliouona kwenye picha ulikuwa wa mwezi mmoja kabla, nao tulisema aliteleza. Mama yako alikaa siku mbili akinitazama bila kusema, siku ya tatu akaenda. Wewe ulikuwa unacheza na vifuniko vya sufuria pembeni ya kitanda.

Kaka akaniambia, "Sema aliteleza." Nikasema. Niliwaambia majirani. Nilimwambia daktari. Nilimwambia bibi yako, aliyemzaa mama yako, ameshika mikono yangu miwili, nikasema tena. Nililisema vizuri sana, mwanangu, hakuna aliyeuliza mara mbili. Hicho ndicho nilichokuficha. Ya kwake ningekusimulia zamani. Ya kwangu ndiyo iliyonishinda.

Wiki tatu baadaye ulimwagia maji kiatu chake. Nikaona mkono ule ule unapanda. Asubuhi yake alipokwenda kazini nikakuvalisha viatu.

Jana nilikwenda polisi. Askari kijana, mwandiko mbaya. Kaniuliza, "Mama, miaka kumi na tisa ulikuwa wapi?" Nikamwambia, "Nilikuwa nashona." Ameandika yote, nimetia sahihi. Ameniambia kumdanganya daktari nako ni kosa, kwa hiyo huenda wakaanza na mimi. Waanze tu. Faili litapelekwa kule kwetu na huko uliko, lakini amesema ni la zamani, halina shahidi mwingine, nisitarajie mbio.

Umesema huna neno la kuwaambia. Hilo hapo. Usikae kwenye kile kiti.

Shangazi yako


Tarehe 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Homa ya Kibibi imekwisha, meno ni sita.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla. Niliisoma kwenye stoo ya mafagio, nikaisoma tena, halafu nikapiga deki ukumbi mzima kwa sababu miguu ilikuwa haitulii. Nilitaka nisiende kesho yake. Nilitaka nifunge mzigo. Lakini ningekimbia, ningemwacha yeye pale na biskuti zake, ananipokelea pole za watu.

Nilikwenda. Kibibi nilimfunga mgongoni kwa mafundo mawili.

Pazia limetundikwa, viti vimewekwa, watu wamesimama mpaka mlangoni. Mwalimu wa chumba cha giza yuko nyuma ya kamera kubwa ya miguu mitatu. Baba kavaa suti. Amemnunulia Kibibi gauni jeupe na kulipiga pasi mwenyewe, kalishika kwenye hanga asilikunje. Akanyoosha mikono: "Mlete mjukuu wangu nimvalishe."

Nikasema, "Mimi sipigwi picha na mtu huyu."

Mkuu wa makumbusho akacheka akidhani natania. "Jamani, mama Kibibi, si baba yako?"

"Ndiye. Na ndiye aliyemuua mama yangu. Shangazi yangu aliona, na polisi wameandikiwa."

Sauti haikuwa kubwa, Shangazi. Nilifikiri nitapiga kelele, ikatoka kama naagiza sabuni. Mtoto mmoja tu alikuwa anauliza, "Wanapiga lini? Wanapiga lini?"

Yeye akatundika lile gauni taratibu kwenye mgongo wa kiti. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni, akanishika mkono hapa juu ya kifundo, bado anatabasamu kwa ajili yao, akasema chini chini, "Una ulimi wa mama yako."

Nikamjibu kwa nguvu: "Ndiyo. Ila leo kuna watu wanasikia."

Hapo mwalimu akatoka nyuma ya kamera akaja kusimama kati yetu, na yule mwanafunzi mwenye mdomo mwepesi naye akaja, safari hii hana neno. Baba akaniachia. Akavaa kofia. Akawaaga wote, "Samahanini, mtoto hajalala vizuri," akatoka kwa lile lango ninalotokea mimi kila siku.

Usifikiri walinishangilia. Mkuu ameniambia nipumzike wiki moja, kwamba siku ya jamii si mahali pa mambo ya ndani. Wengine wananitazama kama nimevunja kioo. Polisi wa huku nilikwenda na mwalimu. Wamesema faili halijafika, likifika wataniita. Baba haijulikani amefikia wapi. Mlinzi anasema alisimama ng'ambo ya barabara mpaka ua ulipofungwa, kisha akaenda, wala si upande wa stendi.

Sijarudi kwangu. Tuko kwa mwalimu wa chumba cha giza, chumba cha pili kutoka jikoni. Baba Kibibi nimempigia, anaomba ruhusa, atafika wiki ijayo akipata gari. Mpaka hapo ni mimi na kitasa. Usiku nasukuma meza mlangoni. Kibibi ameona mama yake anavyostuka, naye siku hizi mlango ukigongwa anaingia chini ya meza, mikono nyuma, wala halii.

Sasa wewe. Nimekasirika na wewe kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na nimekukumbuka kuliko hivyo. Ulimdanganya bibi yangu akiwa ameshika mikono yako. Pia ulinivalisha viatu. Nimejaribu kuvipima viwili hivi, nimechoka, sina mizani. Nitakuuliza mengi na utanijibu umekaa mbele yangu, unanitazama machoni, si kwa karatasi. Kwa hiyo usinijibu barua hii. Fundi mkuu mwambie ukweli mmoja tu, mengine atajaza mwenyewe. Funga mzigo uje kabla baba hajarudi kukalia lile benchi. Anwani ya hapa siandiki. Ukishuka kituoni muulize mama wa dirisha la tiketi, anakutegemea, atakuleta mwenyewe.

Ukifika usigonge. Hatufungui mlango unaogongwa. Simama hapo nje uniite kwa sauti, kama ulivyokuwa ukiniita nikichelewa kurudi kucheza, mtaa mzima usikie.

Nitafungua.

Mwanao